Koki ya Pipa la Alizeti

Mungaa,
11 Februari 2024

Emilian,

Sisi tupo. Mvua imenyesha vizuri na alizeti imefika magotini. Leonard, mtoto wa baba mdogo, ndiye aliyetulimia, maana mtoto wa kiume wa nyumba hii yuko Mitundu anafungua magari ya watu. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama dume. Mama anaamka, anakaa, analala. Msalimie mkeo Sikudhani na huyo mtoto.

Usiulize kwa nini naandika barua wakati simu zipo. Tulizopigiana wiki ya msiba zilinitosha. Uliyoyasema jioni uliyakana asubuhi. Karatasi huwezi kuikana, na nakala ninabaki nayo.

Sasa sikiliza. Tarehe 14 Julai baba anatimiza mwaka. Itakuwa Jumapili. Ibada ya kumbukumbu tutaifanyia hapa nyumbani, msalaba wa zege utasimamishwa, na ukoo wote utakuwepo. Nataka barua yenye saini yako isomwe siku hiyo mbele ya mama. Iseme kwamba wewe ndiye uliyeua injini ya gari langu. Iseme kwamba lile kopo ulilolifunga chini ya boneti ndilo lililofanya gari linoki na kuzimika tulipokuwa tunampeleka baba hospitali, baba akakata roho kando ya lami baada ya kijiji cha Puma, saa sita mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama.

Ukiandika, utakuja na utakaa na ndugu zako. Usipoandika, usikanyage hapa, na mama hutamwona. Yuko kwangu tangu niliporudi hapa baada ya msiba, na mlango ni wangu.

Mwezi uliopita fundi Chediel wa Ikungi aliifungua injini. Beringi zimeliwa zote. Kwa hiyo usinitungie hadithi.

Dada yako,
Dina


Mitundu,
3 Machi 2024

Dada Dina,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alinifundisha kuiandika, usiitafutie maana nyingine.

Barua yako imelala Itigi siku kumi na moja, barabara ilikatika. Hapa mvua imezidi, mahindi yanageuka njano, lakini wafuga nyuki wanachekelea. Mtoto, Aneth, ameota meno mawili ya chini na anayatumia kuniuma. Sikudhani anakusalimu, ingawa nilimwambia asijisumbue.

Umeniandikia tulipokuwa tunampeleka baba. Tulipokuwa? Wewe ulikuwa Nduguti, kwenye ofisi zenu mpya za elimu. Ndani ya gari alikuwepo Leonard kwenye usukani, na mama, na baba. Mwalimu mzima aandike kwa usahihi.

Sasa nitakufundisha mimi, polepole. Injini yoyote inavujisha pumzi. Petroli inapolipuka juu ya pistoni, sehemu ya moshi hupenya pembeni mwa ringi zake na kushuka kwenye tumbo la injini, huko kwenye oili. Ikiwa ni injini ndogo yenye turbo, kama hiyo yako, hewa inashindiliwa kwa nguvu, kwa hiyo moshi unaopenya ni mwingi zaidi. Lazima upewe njia ya kutoka. Usipopewa utajitafutia: utasukuma sili za injini zivuje, utarusha dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Ndiyo maana watengenezaji huweka mpira wa kupumulia, unaourudisha moshi kwenye mdomo wa turbo ukaungue upya. Lakini moshi huo hautoki peke yake, unatoka na ukungu wa oili. Kwa hiyo ndani ya kifuniko cha juu kuna chumba chenye vibati. Ukungu unajigonga humo, oili inadondoka na kurudi chini ikiwa bado ya moto na safi. Kwenye gari lako vibati vilikuwa vimeganda masizi na ringi zilikuwa zimechoka. Oili ikawa inanyonywa na turbo. Ndio ule moshi wa bluu uliokuaibisha mbele ya kanisa, wachungaji wawili wakakohoa.

Januari ya mwaka jana nilikwambia injini ifunguliwe, ringi zibadilishwe. Ulisema wiki inayofuata unahamia Nduguti, gari unawaachia wazee, nikuondolee moshi tu. Nikafunga kopo la kunasa oili kwenye ule mpira: kopo la chuma, ndani nimejaza waya wa kusugulia sufuria, mpira mmoja unaingia, mwingine unatoka, na chini koki. Oili inanasa kwenye waya, moshi unaendelea na safari. Je, moshi wa bluu uliisha au haukuisha?

Kama kopo langu lingeziba, injini ingetapika oili kila mahali kabla ya kunoki. Kwa hiyo nijibu mambo matatu. Chini ya gari palikuwa na oili? Dipstiki iliruka? Na oili aliyoikuta Chediel kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa ya rangi gani?

Mpaka unijibu, siandiki uongo juu ya kaburi la baba yangu. Niliondoka Ikungi kwa sababu yako. Ulisimama kwenye matanga ukasema mbele ya watu kwamba mkono wangu umemzika baba, na kuanzia siku ile hakuna aliyeniletea hata pikipiki. Jina langu limebaki huko kwenu, nalitaka lirudi.

Emilian


Mungaa,
24 Machi 2024

Emilian,

Marahaba yako hii hapa. Umeamkia kama mtu anayelipa faini, nami naipokea vivyo hivyo.

Wiki ijayo ni Pasaka. Tutachinja jogoo, ingawa sijui ataliwa na nani, maana mama sahani anaisogeza tu. Anasema ameshiba. Tangu Januari ameshiba.

Majibu yako. Chini ya gari hapakuwa na tone la oili. Dipstiki ilikuwa mahali pake. Na kabla hujakimbilia kujificha nyuma ya ringi zilizochoka, mlango huo nakufungia. Leonard alikuwa anapima oili kila Jumatatu, mimi nilimwagiza hivyo. Kuanzia Februari mpaka Julai oili haikushuka hata nusu ya alama. Miezi mitano, Emilian! Gari linalokula oili halibaki pale pale miezi mitano. Kwa hiyo injini ilikuwa nzima, na kilichoongezwa kwenye injini nzima ni kopo lako.

Swali la rangi ni la kunipotezea muda. Mimi si fundi.

Unalilia jina. Baba naye alikuwa na jina, sasa tunatafuta mtu wa kuliandika kwenye zege. Nikilinganisha, la kwako linaweza kusubiri.

Andika barua. Miezi inakwenda.

Dina


Mitundu,
12 Aprili 2024

Dada Dina,

Shikamoo. Pasaka tulikula kambale, Sikudhani alimkaanga vizuri. Aneth ameanza kutambaa na jana alikamatwa anataka kulamba kopo la grisi. Mvua zinaelekea mwisho.

Barua yako nimeisoma mara nne, na kila nikiisoma nacheka vibaya. Umetaka kunifunga, umenifungua.

Nilizipima ringi zile mwenyewe. Nilifungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, moshi ukatoka pale kama jiko la kuni mbichi. Injini ya namna ile lazima ipoteze oili, hakuna dawa. Kopo halirudishi oili, linainasa tu isiende kwenye turbo. Kwa hesabu yangu lilikuwa linanasa nusu kikombe kwa wiki. Kwa miezi mitano Leonard alipaswa kuona dipstiki inashuka na kushuka, aongeze mara tatu au nne. Wewe unaniambia haikushuka. Basi kuna mtu alikuwa anaongeza. Aliongeza nini? Na yaliyomo kwenye kopo yalikuwa yanakwenda wapi?

Nikueleze kilichomo kwenye kopo, kwa sababu watu wanadhani ni oili. Si oili tu. Petroli ikiungua inatoa mvuke wa maji, na injini ikiwa baridi petroli nyingine haiungui kabisa. Vyote vinapanda na moshi ule, vinakutana na kopo lililo baridi, vinageuka majimaji. Juni na Julai, na upepo wetu ule wa Singida, ukifungua koki hupati oili, unapata uji mweupe unaonuka petroli. Ule ni wa kumwaga shimoni. Ukiurudisha kwenye injini, unailisha maji na petroli. Oili inakuwa nyepesi, utando unaziba chujio la sampu, beringi zinakauka huku dipstiki ikisema pamejaa. Na injini inakufa hivyo hivyo kama ilivyokufa hiyo.

Mara ya pili nimekuuliza rangi. Mwanamke anayekumbuka kwamba mwaka 2009 nilivunja kikombe chake cha bluu hawezi kusahau rangi ya oili iliyoua gari lake. Ilikuwa nyeupe, Dina. Ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na unajua, na umekaa kimya.

Nasema wazi: ni wewe. Ulikuwa unairudisha. Mficha maradhi kilio humfichua. Mimi sisaini kitu, na nikija Julai nitakuja na barua zako zote, nitazisoma mimi.

Emilian


Mungaa,
19 Mei 2024

Emilian,

Tumeanza kuvuna alizeti. Ndama amekua. Mama amekonda mpaka pete yake ameivua, inadondoka kwenye maji ya vyombo. Nilimpeleka hospitali, wamempima kila kitu, wanasema hana ugonjwa. Mchana anakwenda kukaa kwenye kigoda karibu na lile gari bovu na kuliangalia.

Sawa. Ni mimi. Nilikuwa nairudisha mimi kwenye injini. Umefurahi?

Hata hivyo kopo ni lako, uliliweka wewe. Andika kwamba kopo ndilo baya na kwamba mtu mwingine yeyote asingeweza kulizuia. Uiandike kwa maneno rahisi, ya mtu aliyeishia darasa la nne kuelewa.

Nakuomba.

Dina


Mitundu,
28 Mei 2024

Dina,

Leo hakuna salamu. Tuko wazima.

Neno nakuomba sijawahi kulisikia kutoka kwako tangu nizaliwe. Uliponipiga na fimbo ya mtama nikavimba jicho, hukuomba radhi hata kwa baba. Kwa hiyo nimeanza kukutilia shaka pale pale ulipokubali.

Njia ya mwongo ni fupi. Ulikuwa unairudisha lini? Ulikuwa Nduguti kuanzia Februari. Ulikuja Mungaa mara mbili, Pasaka na siku ya kipaimara cha mtoto wa Leonard. Huwezi kufungua koki ya Mungaa ukiwa umekaa ofisini Nduguti.

Nimempigia Leonard. Anasema yeye alipima tu na kuendesha. Anasema kila Jumatatu akifungua boneti alikuta kopo tupu, limefutwa na kitambaa mpaka linang'aa, akadhani ni joto la injini linalokausha. Hakuongeza oili hata siku moja. Baba hakuweza kuinama, kifua kilikuwa hakimruhusu.

Hapa nilipofika niliacha kuandika jana mchana. Niliweka kalamu nikatoka, nikamwambia mteja arudi kesho. Leo naendelea.

Limefutwa na kitambaa. Katika nyumba ile ni nani anayefuta chombo kabla hajakirudisha mahali pake?

Dina, ni mama?

Usinidanganye hapa. Hapa tu.

E.


Mungaa,
9 Juni 2024

Emilian,

Ni mama.

Alikuwa akifanya hivyo kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja. Anaweka bakuli chini ya koki, anakinga, anaiacha jua liipige ili mashapo yatulie, anachuja kwa kitambaa, kisha anamimina kwenye injini pale ulipomwonyesha baba kwamba ndipo inapoingia. Alinionyesha mwenyewe, kwa mikono, kama anavyoeleza mapishi. Alikuwa anajisifu. Alisema gari la mwanangu haliongezwi oili ya dukani, mimi nimeilinda.

Januari Chediel aliishusha sampu mbele yake. Alichovya kidole, kikatoka cheupe, akasema kwa sauti: "Mama, nani katia maji humu? Aliyetia maji humu ndiye aliyeua gari hili." Hakujua anasema na nani. Mama aliinuka akaenda jikoni. Baadaye akaniuliza: "Dina, ile oili ya kwenye kopo ilikuwa mbaya?" Nikamwambia hapana mama, kopo la Emilian ndilo lililotengenezwa vibaya. Kesho yake akauliza tena. Anauliza kila siku, Emilian. Wakati mwingine ananiuliza ninaposuka mkeka, wakati mwingine katikati ya sala. Na chakula hali.

Nilidhani akilisikia kwa mdomo wako, mbele ya watu, ataamini. Mimi haniamini. Mimi sijui magari.

Nilipokulaumu kwenye matanga nilikuwa naamini kila neno. Tangu Januari siamini hata moja. Nimeendelea hivyo hivyo, kwa sababu kukwambia ukweli ilikuwa ni kukupa jina lako na kumnyang'anya yeye la kwake. Nilichagua. Ningechagua hivyo tena.

Sasa unayo yote kwa maandishi yangu. Waweza kuja nayo Julai ukayasoma.

Dina


Mitundu,
20 Juni 2024

Dada Dina,

Shikamoo. Baridi imeingia, upepo unapeperusha mpaka mabati. Aneth anasimama kwa kushika kiti. Ana uso wa mama, nilikuwa sijaliona hilo.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kushika spana siku tatu. Nakuchukia kwa miezi hii sita, nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Kabla ya Januari ulikuwa mwenye msiba, ulikosea, basi. Baada ya Januari ulinichinja kwa makusudi, huku unaniandikia habari za ndama. Ungeniambia ukweli kwa mistari mitatu, ningefunga safari kesho yake. Uliona mimi si mtu wa kuambiwa. Uliona nitamshika mama mkono nimpeleke sokoni nikamtangaze. Hilo ndilo linaloniuma kuliko Ikungi, kuliko karakana, kuliko jina.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ya pili. Isome siku hiyo kwa sauti yako ya darasani. Usibadilishe neno. Hasa usiguse habari ya koki, kwa sababu hapo sikudanganya.

Emilian

(Karatasi ya pili)

Mama yangu Marietha, shikamoo. Baba zangu wadogo, shangazi zangu na ndugu wote mliokusanyika kwa ajili ya mzee wetu Alute, nawaamkia kila mmoja kwa nafasi yake.

Mimi Emilian ndiye niliyeua injini ya lile gari.

Mama, najua umesikia maneno ya Chediel. Chediel aliona sampu, hakuiona kazi yangu. Sikiliza nikueleze mimi niliyeifanya.

Injini ile ilikuwa inatoa oili kwenye pumzi yake. Nikatengeneza kopo la kuinasa. Nilipofika chini nikakosa koki ya magari. Nikaingia stoo kwako, nikafungua koki kwenye pipa lako la zamani la alizeti, lile la enzi za mashine ya mkono, nikaifunga kwenye kopo. Nikaona nimefanya ujanja. Kisha nikanawa, nikanywa chai yako, nikaondoka. Sikukuita kukuonyesha. Nilimwambia Dina koki ifunguliwe kila wiki, yeye akiwa anafunga mizigo, na sikusema kinachotoka humo kipelekwe wapi.

Umekamua alizeti miaka thelathini. Koki ile umeifungua tangu mimi nikiwa mgongoni kwako. Kila kilichowahi kutoka kwenye koki ile kilikuwa mali: unakinga, unatuliza, unachuja, unarudisha kwenye pipa, humwagi hata kijiko. Ndivyo ulivyotulea. Mtu anayekuwekea koki yako mwenyewe chini ya sumu, akakaa kimya, ndiye mwenye kosa. Aliyeifungua koki hana kosa.

Tena nilijua ringi zimechoka, nikakubali kufunga kopo badala ya kukataa kazi. Fundi anayejua gari ni bovu akaliachia liende, asimtafute mchawi.

Mikono yako haina doa. Iliyokosea ni hii inayoandika.

Naomba ule.

Mwanao,
Emilian Alute


Mungaa,
15 Julai 2024

Emilian,

Kila kitu kilikwenda. Msalaba umesimama, jina la baba limeandikwa vizuri isipokuwa herufi ya mwisho imepinda. Walikuja watu wengi kuliko tulivyowapikia. Hukuja. Nilikuwekea kiti, nawe hukuja, na watu waliokaa karibu nacho walikuwa wanakiangalia.

Niliisoma karatasi yako. Nilipofika mahali pa koki sauti ilinikatika, mimi niliyesomesha miaka ishirini na sita bila kukatika sauti. Leonard akaipokea akamalizia. Baada ya hapo baba mdogo Paschal alisimama, akasema kijana aliyekubali kosa mbele ya kaburi amelipa, na kwamba asisikie tena mtu yeyote akilitaja. Basi kwa watu wote wewe ndiye uliyeua gari, na kwa watu wote umesamehewa. Jina lako halijarudi lilivyokuwa, na mimi ndiye ninayejua hivyo, na nitakaa nalo.

Sasa mama. Wakati wote alikuwa ameinamisha kichwa, ameshika ncha ya kanga. Leonard alipomaliza, aliniomba ile karatasi. Hasomi vizuri, aliishika tu. Akakaa nayo mpaka watu walipoanza kuosha vyombo. Ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, mimi peke yangu nikisikia:

"Emilian hajawahi kukubali kosa tangu nimzae. Hata lile la kikombe chako alisema ni paka."

Alikunja karatasi mara nne akaifunga kwenye pindo la kanga, akavuta sahani, akamega ugali. Alikula wote, Emilian. Akaomba na mchuzi. Alikuwa analia na anakula, na hakuniuliza tena habari ya oili, wala leo asubuhi hakuuliza.

Nilikuwa na mtu wa kumchukia kwa ajili ya baba, na ilikuwa inanisaidia kuamka. Sasa sina mtu, na hilo nalo ni kosa lako.

Anasema umlete mtoto mwenye uso wake. Anasema na ile koki, ukifika, uifungue kule kwenye gari uirudishe kwenye pipa lake, msimu huu anataka kukamua.

Basi la Singida linasimama Ikungi saa nane mchana. Leonard atakungoja hapo na pikipiki. Shikamoo utaniamkia ukifika, kwa mdomo.

Dina